Wazazi wangu wapo Kalemie kwa utume, mama anatafuta asili ya bibi aliyevuka ziwa. Wana Ujiji naomba msaada

#1 Mwana Kasimbu

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Baba yangu ni mchungaji mstaafu, ana miaka 71. Mama ana 68. Wenzao wa umri huo wamekaa barazani wanalea wajukuu. Wao waliomba kanisa liwatume, na wametumwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie, upande wa Kongo, kwa miaka miwili. Baba anafundisha wainjilisti. Mama anakaa na kina mama: kusoma na kuandika, cherehani, malezi. Mshahara hakuna. Nauli na kodi ya nyumba tumechangiana sisi watoto na waumini wenzao.

Baba ni Muha wa Kasulu na ukoo wake hauna shida. Babu yake aliitwa Minani, na kwa Waha kama kwa Warundi hilo ni jina la mtoto wa nane. Kwa hiyo baba alipoanza kuuliza ukoo wake alijua tayari kwamba kuna saba waliotangulia, akawafuata mmoja mmoja mpaka akawapata. Jina lenyewe lilikuwa limebeba hesabu.

Mama ndiye hana pa kushika. Amezaliwa Ujiji, Kasimbu, nyumba ya Waislamu. Alipoolewa na baba akabatizwa, na nduguze hawakumtupa. Ukimuuliza kabila anasema Mmanyema. Ukimuuliza Manyema ya wapi, anakaa kimya.

Tunachojua ni kidogo. Mama yake bibi yao alivuka ziwa akiwa msichana mdogo, na msafara wa pembe na watumwa, kabla Wajerumani hawajashika Ujiji. Nyumbani walimwita Bibi Ng'ambo, kwa sababu kila jioni alikaa nyuma ya nyumba ameelekea ziwani. Mume wake alikuwa na jina mojawapo la yale majina ya misafara, jina la kito cha thamani: mnayajua, Feruzi, Almasi, Johari. Majina ya watu wetu yenyewe siyaweki hapa kwa heshima ya ukoo. Tarehe hatuna, picha hatuna. Kipo kitambaa kimoja cha nyuzi za majani, ukubwa wa kilemba, rangi ya kahawia iliyokolea, pembeni kimeliwa na mende. Mama mkubwa anakitunza ndani ya kopo la biskuti. Nilipokishika mwezi uliopita kilikuwa kinanukia mawese.

Sasa mama yupo upande wa pili. Wiki ya kwanza alimsikia muuza mboga sokoni anaita mchicha "lengalenga", kama alivyokuwa akiita bibi yake, akasimama palepale na kapu mkononi, machozi yakamtoka. Akanitumia sauti usiku ule: "Mwanangu, mimi naulizia huku, wewe ulizia huko. Nikirudi bila jibu sitapata tena nafasi hii."

Ndiyo maana nimekuja kwenu. Mwenye bibi wa namna hiyo Ujiji, mwenye kujua pa kuanzia, mwenye kujua kama kuna maandishi popote, tafadhali.

#2 Kapiga Kasia

Mwana Kasimbu, mimi ni wa Rubuga na kwetu ni walewale.

Kwanza tuliweke sawa hili la "kabila la Manyema". Manyema ni jina la nchi, kule magharibi ya ziwa kuelekea mto Lualaba. Watu wa misafara ndio waliolifanya liwe jina la kila aliyetoka upande ule. Ndani yake kuna Wakusu, Wabangubangu, Wazimba, Warega. Hapa Ujiji tukawabandika jina hilo hata watu wa ukingoni mwa ziwa: Wagoma, Wabwari, Wabembe, Waholoholo. Na wengi wa hao wa ukingoni walivuka wenyewe kwa mitumbwi yao wakifuata samaki na biashara, hawakuletwa na mtu.

Kwa hiyo swali la mama lisiwe "Manyema ni wapi". Aulize Bibi Ng'ambo alitaja mto gani, mlima gani, soko gani. Alikuwa na mwiko gani wa chakula. Mtoto akizaliwa alifanya nini. Akifiwa alilia vipi. Mtu anaweza kubadilishiwa jina na dini, lakini namna anavyomwogesha mtoto mchanga haibadiliki kirahisi.

Na "lengalenga" usiitegemee sana. Hata Bujumbura wanasema hivyo.

#3 Mlinzi wa Zamu

Mkuu, nauliza kwa nia njema kabisa. Wazee wametumwa kuhubiri Injili. Sasa mama anahangaika na marehemu aliyefariki miaka mingi. Kwetu nimeona mara nyingi haya mambo ya kutafuta mababu yanaishia kwenye matambiko. Mchungaji mwenyewe anasemaje?

#4 Mwana Kasimbu

Swali lako ni la haki, na baba nilimuuliza hilohilo.

Aliniambia nifungue Mathayo sura ya 1. Agano Jipya linaanza na ukoo. Vizazi kumi na vinne kutoka Abrahamu hadi Daudi, kumi na vinne hadi uhamisho wa Babeli, kumi na vinne hadi Kristo. Akasema, "Waliochukuliwa Babeli hawakuacha kuhesabu. Uhamisho wenyewe umewekwa ndani ya hesabu." Hafanyi tambiko na hataki lifanywe kwa jina lake. Anachotaka ni kumjua aliyemzaa bibi wa mkewe, amshukuru Mungu kwa jina lake.

Aliihubiri sura hiyo Kalemie. Kabla hajapanda mimbarani mama akamwomba aongeze jambo: kwamba katika orodha ile ya wanaume wametajwa Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, kabla ya kufika kwa Mariamu. Rahabu na Ruthu walikuwa wageni kabisa. Baba anasema baada ya ibada kina mama walikaa saa nzima wakitajiana mabibi zao. Kule wanasema "batoto", "bantu", Kiswahili chao kina ladha yake, lakini mama anasema walipofika kwenye mabibi hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

#5 Mzee wa Stesheni

Nina umri wa kutosha kuwaambia vijana: mengine yaacheni.

Utotoni mwangu hapahapa Ujiji, watoto wakigombana kisimani, tusi lililomaliza ugomvi lilikuwa kumtajia mwenzako babu yake alinunuliwa kwa kitu gani. Mtu alirudi nyumbani na ndoo tupu. Wazee wetu walijiita waungwana, wakasoma Kurani, wakajenga nyumba, wakaoza mabinti zao kwa heshima, na habari za nyuma wakazizika kwa makusudi. Mimi nawaheshimu kwa kuzizika.

Tena kuna mambo ya urithi. Nimekaa kwenye kikao cha ukoo mtu akaambiwa mbele za watu, wewe huna chako katika kiwanja hiki, bibi yako alikuja nyumba hii kama mtumwa. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Alitoka bila kuvaa viatu. Ukiandika mtandaoni hakifutiki, kijana.

#6 Binti Unyanyembe

Mzee wa Stesheni, shikamoo. Nimekusoma mara mbili na sitaki kukujibu haraka, kwa sababu yule mtu aliyetoka bila viatu nimemwona hata kwetu Tabora.

Lakini mzee wangu, waliomtoa nje walikuwa wanajua. Siri ile haikumlinda. Mwenye kiwanja alikuwa na habari yote, na yule aliyetolewa hakuwa na hata jina la kijiji cha bibi yake la kusemea. Ukimya ulimnyima yeye, ukamwachia mwenzake silaha. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hoja ya namna ile haina miguu, ila inahitaji mtu wa kuijibu, na mtu hawezi kujibu kama hajui.

Nikwambie cha nyumbani. Wajerumani hawakuufuta utumwa nchi hii. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na waliokombolewa wakawa wanapewa hati ya uhuru waliyoiita Freibrief. Upande wa mama yangu tunayo moja. Imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu, muhuri wa boma umebaki nusu mwezi. Bibi aliyepewa hakujua kuisoma, na aliishonea ndani ya mto wa kulalia. Tuliipata alipofariki binti yake, tulipokuwa tunafua vitu vya msiba. Fikiria mtu analalia karatasi ile maisha yake yote, halafu sisi tuione ni aibu? Mimi nimeitilia kioo.

Mwana Kasimbu, ulizia karatasi. Kwenye makopo, ndani ya misahafu, chini ya magodoro. Kwa upande wa serikali nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza. Maafisa wa wilaya waliandika humo habari za koo na watemi wa kila eneo.

Jambo la pili, na hili Wanyamwezi wenzangu wengi hawalijui. Njia ile ilikuwa ya kwenda na kurudi. Msiri aliyetawala Garenganze huko Katanga alitoka huku kwetu, Usumbwa, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba. Aliuawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wake wapo hadi leo Bunkeya, wanaitwa Bayeke, na wanajua kwamba asili yao ni Unyamwezi. Kwa hiyo wakati mama yako anatafuta kwao kule, kuna wa kule ambao kwao ni huku.

#7 Kibirizi Mwaloni

Naongezea la njia, maana nimefanya kazi ya maboti miaka mingi.

Misafara kutoka Manyema ilikuwa inapita Nyangwe, Kasongo, Kabambare, halafu inashuka ziwani Mtowa. Mtowa ipo kaskazini ya Kalemie, si mbali na walipo wazee wako. Hapo ndipo watu walipangwa kwenye mitumbwi kuja Ujiji. Ujiji walipumzishwa, wakaendelea Tabora, halafu pwani. Waliobaki Ujiji na Tabora ndio sisi.

Watalii wanakuja kwenye ile makumbusho ya Ujiji kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone, Novemba 1871. Sawa. Lakini Livingstone alikuwa anatoka Nyangwe, na tarehe 15 Julai mwaka uleule aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao kina mama waliokuja na vyungu na samaki, wengine wakazama mtoni. Alirudi Ujiji kwa njia hiyohiyo waliyopita mabibi zetu. Kila ninapowapeleka wageni pale huwa nawaeleza na hilo, hata kama hawajaniuliza.

Mama aende Mtowa. Hata kama hakuna wa kumuuliza, asimame aone maji kutoka upande ule.

#8 Mwana Kasimbu

Wakuu, asanteni. Mzee wa Stesheni, nimekusikia, na ndiyo maana majina siyataji. Huu hapa mrejesho wa kwanza.

Mama mkubwa ana miaka 84, dada wa kwanza wa mama. Mwezi uliopita nilimwendea na simu ya kurekodia na kauntabuku mpya. Nikamuuliza, mama mkubwa, babu yenu mwenye jina la kito alitoka wapi? Akaniangalia. "Sisi waungwana." Akainuka kwenda kuswali, na adhuhuri ilikuwa bado.

Niliporudi Jumamosi nilimfuata Kapiga Kasia. Simu nikaiacha mfukoni. Nilikuta ametandaza dagaa kwenye ungo anatoa mchanga na vijiti, nikakaa chini nikachambua naye. Baada ya muda nikamuuliza tu, hivi Bibi Ng'ambo mlipokuwa wadogo aliwapikia nini? Mama mkubwa alikuwa na miaka tisa hivi bibi huyo alipofariki. Akaanza na chakula, akaenda kwenye mkeka, akaenda kwenye mvua. Akasema Bibi Ng'ambo alikuwa anasimulia kwamba walikaa ufukweni siku tatu kusubiri mitumbwi, na mdogo wake wa kiume alikuwa na homa, na siku ya kuvuka yule mdogo hakuvuka. Hakusema zaidi ya hapo. Kila alipofika hapo alikuwa anabadilisha maneno.

Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia katika maisha yangu yote.

Katika nyumba ile mtoto wa kike akizaliwa, aliyemwogesha wa kwanza ni Bibi Ng'ambo. Na kabla baba au babu hajaingia kuadhini sikioni mwa mtoto, yeye alishamnong'oneza jina. Jina la pili, la kwao. Alipofariki, binti yake akaendelea. Wanaume wa nyumba hawakujua. Mama mkubwa analo lake. Na mama yangu, ambaye nimeishi naye miaka yote hii, analo na hajawahi kulitamka mbele yangu.

Nikamuuliza, sasa mama yangu alipewa la nani? Mama mkubwa akafuta mikono kwenye kanga. Akasema mama alizaliwa wakati Bibi Ng'ambo ameshafariki, na mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa baada ya msiba ule. "Alipewa la mwenyewe. Mama alimpa la bibi yake."

Mama hakujua. Alijua ana jina, hakujua ni la nani. Miezi yote hii anazunguka Kalemie akitafuta jina la Bibi Ng'ambo, na jina lenyewe ni lake.

Nilimpa mama mkubwa simu amwambie mdogo wake kwa mdomo wake. Sikusikiliza walichoongea. Nilitoka nje.

#9 Kapiga Kasia

Mwana Kasimbu, nimeshindwa kuendelea na kazi.

Sisi kwetu tulihangaika miaka kumi na babu, babu, babu, na kila tulipofika tuligonga ukuta wa Mabruki na Songoro, majina waliyopewa na wengine. Hatukuwahi kuuliza kina mama walinong'onezana nini. Leo jioni nampigia shangazi.

#10 Mzee wa Stesheni

Nimesoma.

Kwetu pia bibi alikuwa anamwogesha mtoto kwanza. Nilidhani ni kawaida ya wazee.

#11 Karema Kwetu

Nichangie kidogo kwa wenye asili ya upande wa Kikatoliki. Mapadre Weupe walipofika ziwani walikuwa wanakomboa watoto kutoka kwenye misafara na kuwalea misheni, kwetu Karema na ng'ambo Mpala. Daktari Adrien Atiman ni mmoja wa watoto waliokombolewa, ingawa yeye alitoka mbali zaidi: alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, mapadre wakamnunua, wakamsomesha udaktari Malta, akaja Karema akiwa katekista na tabibu, na alihudumu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Wazee wetu walitibiwa na mikono yake.

Faida ya misheni ni vitabu. Kila ubatizo una namba, na pembeni ya mstari uleule huandikwa kipaimara na ndoa hata kama vimefanyika parokia nyingine. Ukiwa na hati ya ubatizo ya bibi yako, hiyo namba ndiyo ufunguo. Mwendee paroko kwa adabu, mweleze ukweli, usiende siku ya Jumapili.

Na kitambaa kile cha nyuzi, kuwa mwangalifu. Vile vya majani ya mwale watu wa misafara waliviita viramba, na vilizunguka kama fedha Manyema nzima. Aliyekuwa nacho si lazima awe ametoka walipokifuma.

#12 Dada wa Gungu

Mimi nimeuweka ukoo wetu kwenye FamilySearch. Ni tovuti ya kanisa la Wamormoni, ni bure, na huhitaji kuwa muumini wao. Unaweza kuweka hata sauti ya bibi akisimulia. Ila jina la kunong'onezwa kama hilo, ningekuwa mimi nisingeliweka popote.

#13 Mwana Kasimbu

Dada wa Gungu, mama kasema hivyohivyo. Halitaandikwa mtandaoni.

Mrejesho wa pili, na huu umechelewa kwa sababu mama aliumwa malaria, sasa yupo vizuri.

Alipopata jina alianza upya na wale kina mama wa darasa la kusoma. Hakuwapa hadithi yoyote, aliwauliza tu kama wamewahi kulisikia jina hilo. Wengi hawalijui. Mmoja akasema mama mkwe wake analo, mzee sana, alihamia Kalemie zamani na mumewe aliyefanya kazi reli. Kwao ni Kabambare.

Wakaenda Alhamisi, mama na baba, kwa pikipiki mbili. Bibi yule haoni vizuri. Wamemkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, miguu kwenye beseni la maji. Mama akajitambulisha kwa jina lake la kawaida, wakasalimiana, wakaongea habari za bei ya unga na za wajukuu. Baba akatolewa kwa heshima akakae na wanaume. Ndipo mama akalitamka lile jina.

Mama anasema yule bibi alilirudia, lakini hakulitamka kama yeye. Sisi huku tulikuwa tumeshaligeuza, silabi ya mwisho tulikuwa tunaivuta, yeye anaikata. Akalirudia mara tatu kama anamsahihisha mtoto. Akasema kwao Kabambare wapo wenye jina hilo katika ukoo wa mama yake, lilikuwa la bibi yake na sasa analo mjukuu. Halafu akauliza swali moja ambalo mama hakujiandaa nalo: "Mulimuzika wapi?"

Mama hakujua.

Baadaye walikwenda Mtowa. Baba alinipigia kutoka hapo, upepo mwingi, sikusikia vizuri. Nilisikia tu anasema maji ni yaleyale, na mama amekaa kwenye mchanga hataki kuondoka.

#14 Mlinzi wa Zamu

Mungu awatunze wazee. Lile swali langu la mwanzo nalifuta.

#15 Kibirizi Mwaloni

Samahani kwa kuwa mgumu, ila niseme ili baadaye usije ukaumia. Jina moja si ushahidi kamili. Majina yanasafiri kama mitumbwi. Huenda Bibi Ng'ambo alipewa jina na rafiki wa njiani, au ukoo wa Kabambare wenyewe ulilipata kwingine. Tafuteni kitu cha pili kinachokubaliana na cha kwanza. Huyo bibi aulizwe kama katika ukoo wao kuna habari ya mabinti waliochukuliwa, na kama mtoto wa kike kwao ananong'onezwa jina kabla ya baba kuingia.

#16 Mwana Kasimbu

Kibirizi Mwaloni, hujawa mgumu, baba kasema maneno hayohayo na ameyaandika kwenye daftari lake: "inawezekana", si "ndiyo". La kunong'ona mama atauliza akienda tena, bibi akiwa na nguvu. Kabambare kwenyewe kwa sasa hawawezi kufika, njia si salama, na kanisa limewakataza. Wana mwaka mmoja na miezi mitatu mbele yao.

Mimi nimeshughulikia lile swali la kaburi.

Jana nilimchukua mama mkubwa kwa bajaji mpaka makaburini. Magoti yanamsumbua, tulitembea polepole. Makaburi ya zamani mengi hayana alama. Alisimama chini ya mwembe akageuka kushoto, akageuka kulia, akaniambia nikae kimya. Kisha akasema siku ya mazishi yeye alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake kwa sababu ya miiba, na alikuwa anaangalia ziwa juu ya bega la mama yake, na mwembe ulikuwa mkono huu. Tukafuata bega. Kuna vituta vitatu karibu karibu. Akaonyesha cha katikati. Nikamuuliza, una hakika? Akasema, "Huyu ndiye anayeliona ziwa."

Tumefyeka majani. Tumepiga picha, mama mkubwa amesimama pembeni na fimbo yake, nimemtumia mama ampelekee yule bibi amwelezee, maana haoni.

Sheikh wa mtaa tumemuuliza. Amesema kaburi lisijengewe, ila jiwe la kulitambulisha halina tatizo. Sasa lipo suala la kuandika. Mama mkubwa anataka jiwe tupu, anasema aliyepaswa kujua amejua. Mama anataka jina la huku, lile aliloitwa na majirani miaka yote, ili wajukuu walipate. Lile jingine wote wawili wamekubaliana lisiandikwe, litabaki linapokaa.

Kwa hiyo naulizia fundi wa mawe, mtu mzima anayejua makaburi, asiyeweka mbwembwe. Jiwe la kawaida la huku huku, lenye kimo cha goti.

#17 Mzee wa Stesheni

Yupo mmoja Mwanga, karibu na soko, ndiye aliyefanya la baba yangu. Hana haraka na hana bei kubwa. Nimekuandikia pembeni namba yake.

Siku mtakayoliweka nijulishe, Mwana Kasimbu. Makaburi yale nami nina mtu wangu, na sijui ni kituta kipi. Labda mama mkubwa wako anakumbuka.